Bakuli Lisilorudi Tupu

"Mguu wa kushoto, Mheshimiwa, au wa kulia?" aliuliza Hatibu Mkumba. Alikuwa amepiga magoti katika ua wa Wizara, amekumbatia mguu wa mbele wa kiboko kwa mikono yote miwili.

"Wowote," alijibu Waziri Lugendo, ambaye kwa sababu za kiusalama alikuwa amesimama juu ya meza. "Kanuni inasema zawadi iguse bakuli. Haikusema iguse kwa wapi."

Hatibu akajaribu tena. Kiboko mwenyewe alikuwa bado mtoto, ingawa uzito wake ulikuwa umekwishakua. Kila mguu ulipokaribia, bakuli liliteleza juu ya sakafu, na Hatibu akalifuata kwa magoti bila kuuachia mguu, na kiboko akamfuata Hatibu kwa kuwa hakuwa na namna nyingine. Walikuwa wameuzunguka ua mara tatu.

Lilikuwa bakuli la bati la kawaida, jeupe, lenye ukingo wa buluu na ua jekundu chini. Ubavuni lilikuwa limebanduka rangi, mahali penye ukubwa wa ukucha. Mabakuli ya namna ile yapo katika kila nyumba, na watu huyatilia mchuzi. Hili lilikuwa na walinzi sita.

Chini ya kivuli cha turubai walikaa wajumbe tisa wa Kamati ya Taifa ya Dhati. Kazi yao ilikuwa kuthibitisha kwamba zawadi inatoka moyoni. Zamani jambo hili liliachiwa watu wenyewe, na kila mmoja alijiamulia kama ana moyo, hali iliyoleta mkanganyiko. Sasa ilikuwepo sheria: zawadi ya dhati ni ile inayomtoa Mlizi wa Serikali machozi yasiyopungua matatu, mawili jicho la kulia na moja la kushoto.

Mlizi wa Serikali, Bi Sikudhani, alikaa kwenye benchi lake na leso mapajani. Alikuwa na miaka ishirini na miwili kazini. Alikuwa amelia kwenye misiba ya wakubwa, kwenye ufunguzi wa madaraja, na mara moja, kwa kibali maalumu, kwenye kupandishwa cheo kwa binamu wa Waziri. Nje ya saa za kazi hakuna aliyewahi kumwona akilia.

*

Ili mambo yaeleweke, inafaa tuseme bakuli lilitoka wapi.

Nchi ya Sikunde na nchi ya Malolwe zimepakana, zinakula chakula kimoja na zinasalimiana kwa maneno yaleyale. Marais wao, kwa bahati, walizaliwa siku moja. Miaka kumi na miwili iliyopita walikutana mpakani kutia saini mkataba wa urafiki wa milele. Wakasimama wakitazamana, kila mmoja akisubiri shikamoo ya mwenzake. Walisubiri saa nne. Wasaidizi wakaleta viti, lakini hakuna aliyekaa, maana atakayekaa kwanza angekuwa kama aliyeamkia. Jua lilipozidi, kila mmoja akarudi kwake na mpaka ukafungwa.

Mwaka uliofuata Rais wa Malolwe akashikwa na mafua. Mke wa Rais wa Sikunde, ambaye hakuwa ameapishwa kuchukia mtu, akampelekea mke wa mgonjwa vitumbua kumi na viwili ndani ya bakuli la bati. Lango likafunguliwa ili bakuli lipite.

Sasa, katika nchi hizi mbili yako mengi yanayoweza kufanyika mtu akasamehewa. Kurudisha chombo cha jirani kitupu hakumo. Malolwe wakala vitumbua, wakaosha bakuli, wakalirudisha na mapera. Sikunde nayo isingeweza kukaa na mapera ya watu bila kujibu, ikapeleka jogoo. Malolwe ikarudisha jogoo wawili pamoja na mwalimu wa kuwafundisha kuwika. Hapo ndipo serikali zote mbili zilipotambua kwamba jambo hili ni kubwa mno kuachiwa akina mama.

Sikunde ikatoa bendi ya polisi, kila mpiga tarumbeta akachovya kidole bakulini. Malolwe ikatoa kilima: udongo wa kujaza kiganja na barua iliyosema kilichobaki kitafuata. Kilima bado kiko kule kilikokuwa, lakini kwenye ramani za Sikunde kimeshahamia, na watoto wa shule hukichora vizuri. Sikunde, baada ya vikao vingi, ikatoa Jumatatu. Iliandikwa kwenye karatasi nzuri na kuwekwa bakulini. Tangu hapo katika Sikunde Jumapili hufuatwa na Jumanne, na wananchi wameipokea hali hiyo kwa utulivu. Malolwe wana Jumatatu mbili mfululizo. Hawajalalamika, ni watu wenye adabu. Walichofanya ni kujibu kwa Waziri wao wa Uvuvi, ambaye alikalia bakuli kwa dakika moja mbele ya mashahidi. Sasa anaishi Sikunde, anapendwa sana, na anauliza bahari iko wapi.

Bakuli lilikuwa limevuka mara thelathini na nane. Zamu ilikuwa ya Sikunde.

*

Hatibu Mkumba alikuwa Mteuzi Msaidizi wa Zawadi, na ndiye aliyekuwa akilibeba bakuli hadi langoni. Kazi hii aliiomba mwenyewe. Dada yake, Kibibi, aliolewa Malolwe miaka miwili kabla ya marais kusubiriana. Lango lilifunguliwa bakuli lilipofika tu, na wakati wakubwa wakinywa chai na kuitoa zawadi bakulini, ndugu hawa wawili walisimama kila mmoja upande wake wa ukuta, vichwa tu vikionana, wakizungumza haraka haraka. Chai ilikwisha, lango likafungwa. Kwa miaka kumi na mmoja udugu wao ulikuwa na urefu wa kikombe kimoja kimoja.

Hakuwahi kufundishwa kuchagua zawadi. Alijifundisha kwa Kibibi. Aligundua kwamba ukimwuliza mtu anataka nini, atasema hataki kitu. Lakini mwache azungumze mambo mengine, naye atataja. Kibibi, akilalamika juu ya panya, alitaja kwamba meno ya mbuzi yake ya kukunia nazi yameisha. Safari iliyofuata Hatibu alikuja na mbuzi mpya kwapani. Kibibi akashangaa, "Kaka, nani alikwambia?" Naye akasema, "Panya." Tangu hapo alikuwa na madaftari, na ndani yake aliandika maneno ambayo watu huyasema pembeni.

Waziri Lugendo alikuwa na mtazamo mwingine. Kila mwaka alimpa mkewe picha yake mwenyewe, kila mwaka kubwa zaidi, na ya mwaka huu ilibidi ukuta ubomolewe. Hatusemi ni vibaya. Mkewe hakusema lolote, na tukumbuke kwamba mlango nao ulikuwa umezibwa na picha.

Wiki ile Waziri alikuwa amemwita Hatibu ofisini na kufunga mlango.

"Ndugu Mkumba, safari hii tunamaliza. Tafuta zawadi ambayo Malolwe hawataweza kuijibu hata wakijiuza. Watarudisha bakuli tupu, mbele ya dunia! Hapo tutakuwa tumeshinda urafiki."

"Na baada ya kuushinda, Mheshimiwa?"

"Tukishaushinda, tutaendelea nao wa nini? Lango litazibwa kwa matofali. Juu yake tutaweka sanamu ya bakuli. Nimeshachagua na mkono utakaolishika." Akauonyesha. Ulikuwa wake.

Hatibu alishukuru na kutoka. Kwenye korido akasimama kidogo. Aliwaza kikombe cha chai ambacho kingekuwa cha mwisho.

*

Tumrudie kiboko.

Mguu uliingia bakulini ghafla, Hatibu alipokuwa hajajiandaa. Waziri akapiga makofi, akafungua hotuba yake ya kurasa kumi na nane na kuanza: "Ndugu zetu wa Malolwe, leo tunawapa kile ambacho mioyo yetu…" Kiboko akainua kichwa. Karatasi ilikuwa nyeupe na ilikuwa ikichezacheza. Akaondoa mguu bakulini, akatembea taratibu hadi mezani na kuila hotuba, kuanzia kurasa za nyuma.

"Mwondoeni!" alipiga kelele Waziri. "Bado sijafika kwenye shukrani!"

Kiboko alimaliza shukrani, akala na kitambaa cha meza. Hapo Bi Sikudhani akacheka. Alicheka kwanza kwa mabega, kisha kwa mwili mzima mpaka benchi likalia, na machozi yakamtoka. Katibu wa Kamati, mtu makini, akakimbia na kalamu.

"Matatu kulia! Mawili kushoto! Kiboko amepita!"

Hatibu alikuwa bado sakafuni. Malolwe wangemjibu kiboko kwa nini? Kumlisha tu kungewashinda.

"Nina swali," alisema kwa upole, akijipangusa magoti. "Machozi ya kicheko nayo ni ya dhati?"

Kamati ikajifungia. Ilijadiliana kwa bidii, ikatuma watu wakaulize vyombo vya juu, ikanywa soda. Mwishowe Mwenyekiti akatoka na kutangaza kwamba, kwa kuzingatia maslahi ya taifa, machozi ya kicheko yatahesabiwa nusu. Kiboko akawa amepata moja na nusu kulia na moja kushoto. Alianguka kwa nusu chozi na kurudishwa kwenye bustani ya wanyama kwa heshima zote.

"Una mpaka saa tisa alasiri," Waziri alimwambia Hatibu. "Kesho asubuhi bakuli linaondoka. Likiondoka tupu, nawe utaondoka."

*

Hatibu alikwenda chumbani kwake akafungua madaftari. Humo alikuwa amenakili barua zote za shukrani ambazo Malolwe walituma kwa kila zawadi. Zilikuwa ndefu, zenye maneno kama "udugu usiotikisika" katika kila mstari wa tatu. Hizo aliziruka. Alichotafuta kilikuwa chini kabisa, baada ya mhuri, mahali ambapo karani wa Ikulu ya Malolwe huomba radhi kwa kuchelewa kujibu.

Kwenye barua ya jogoo: "Samahani kwa kuchelewa. Mtukufu alikuwa akicheza bao na Jaji Mkuu. Alishinda."

Kwenye barua ya bendi: "Samahani kwa kuchelewa. Mtukufu alikuwa akicheza bao na Jenerali. Alishinda."

Kwenye barua ya mihogo, zawadi nyingine ya Sikunde: "Alicheza na mfungwa aliyeahidiwa msamaha akimfunga. Mfungwa aliomba arudishwe gerezani. Mtukufu alishinda."

Ya Jumatatu: "Alishinda tena. Hakula chakula cha mchana."

Na ile ya mwisho: "Alishinda. Alizitupa kete zote dirishani, sitini na nne, na hajataka nyingine."

Hatibu akaweka kalamu chini. Miaka kumi na mmoja walikuwa wanampelekea mtu huyu majogoo na siku za wiki.

Halafu akafungua kabrasha la Kanuni za Bakuli. Akasoma ya kwanza hadi ya tatu. Ya nne aliisoma mara mbili, akalifunga kabrasha polepole na kwenda jikoni kwa Wizara.

Bi Sikudhani alikuwa nyuma ya jiko, peke yake, amekaa mbele ya ubao wa bao. Zamani alicheza na madereva. Aliwafunga wote, kisha wakaanza kuwa na safari.

"Bi Sikudhani," alisema Hatibu, "ukicheza na mkubwa wa nchi, utamwachia?"

"Nimwachie nini?"

"Ashinde."

Akainua uso. "Kwa nini? Anaumwa?"

*

Saa tisa Kamati ilikaa. Hatibu akaweka bakuli mezani. Ndani mlikuwa na komwe sitini na nne za kijivu, zile za kuchezea bao, zimeoshwa.

"Mbegu?" aliuliza Waziri. "Watu wamenipa kilima, mimi niwape mbegu?"

"Ni kete, Mheshimiwa. Na mtu wa kuzicheza. Bi Sikudhani atacheza na Mtukufu palepale langoni, na atamfunga."

Lile neno la mwisho lilikuwa likimwingia Waziri taratibu, kama sukari kwenye chai.

"Atafungwa? Mbele ya walinzi wake?"

"Nadhani hivyo."

"Na mashahidi watakuwepo?"

"Wote."

"Hiyo haijibiki!" Waziri akaruka juu ya meza bila sababu yoyote ya kiusalama. "Watairudishia nini aibu ya namna hiyo? Mkumba, una moyo mbaya kuliko nilivyofikiri! Hongera! Mlizi, tafadhali, lia tumalize."

Bi Sikudhani alikuwa anatazama kete. "Miaka ishirini na miwili nalia kwa ratiba," alisema. "Hakuna siku mtu aliniuliza mimi najua kufanya nini." Akaitafuta leso, lakini ilikuwa imeanguka. Yakatoka mawili kulia, moja kushoto, kisha mengine na mengine. Katibu akajaza ukurasa, akageuza, akajaza nyuma, akaomba karatasi kwa jirani, na mwisho akaacha kuhesabu, akavua miwani yake na kuifuta.

*

Asubuhi lango lilifunguliwa. Mtukufu Nyange, Rais wa Malolwe, alikuwa ameketi chini ya mwavuli na uso wa mtu aliyeahidiwa jogoo mwingine. Nyuma yake walisimama Jaji Mkuu, Jenerali na watu wa kupiga makofi. Waziri Lugendo alihutubu kwa dakika tisini. Hotuba ilikuwa fupi kwa sababu ya kiboko.

Kisha Hatibu akaweka bakuli kando ya ubao, na Bi Sikudhani akakaa kwenye kigoda.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mama. Cheza haraka, nina kazi," alisema Mtukufu. Hakuwa na kazi.

Wakaanza. Kila mmoja alichukua kete moja bakulini, akaipanda shimoni, akazungusha. Mtukufu alipoinua mkono tu, watu wa makofi walipiga. Alipoushusha, wakapiga tena. Alicheza akitazama pembeni, akipiga miayo.

Mara Bi Sikudhani akatia kete moja mahali padogo, akakomba shimo kubwa la Mtukufu, akagawa kete zake kwa sauti ya tik, tik, tik.

Makofi yakakatika njiani.

"Umefanya nini?" aliuliza Mtukufu.

"Nimekula nyumba yako, Mzee. Uliiacha wazi milango na madirisha."

Jaji Mkuu akafumba macho. Jenerali akagusa bastola, kisha, kwa kukosa maelekezo, akaigusa tena. Mtukufu akainama juu ya ubao. Akahesabu mashimo kwa kidole.

"Nirudishie kete moja."

"Sirudishi."

"Mama, mimi ni Rais."

"Naona. Zamu yako."

Waziri Lugendo alikuwa akitetemeka kwa furaha. Kisha mabega ya Mtukufu yakaanza kucheza, na kicheko kikamtoka, kikubwa, kikavu, kama mlango ambao haujafunguliwa miaka mingi. Alicheka mpaka kofia ikadondokea kwenye chai.

"Umesikia, Jenerali? Amesema hanirudishii!" Akageuka kwa Jaji Mkuu. "Wewe! Ulikuwa unaiona nyumba yangu ilivyo wazi miaka yote hii?"

"Nilikuwa naiona, Mtukufu."

"Na hukuila!"

"Nina watoto, Mtukufu."

Mtukufu akavua koti, akakunja mikono ya shati na kuusogelea ubao. Alichukua kete, akairudisha, akajishika kidevu. Saa sita ikapita. Wakubwa walikunywa chai, wakaongeza, wakaimaliza. Watu wa makofi wakakaa chini wakasinzia. Mtukufu alikuwa bado ameshika kidevu.

"Zawadi imekwishakabidhiwa," alitangaza Waziri, akikusanya watu wake. "Mshindi anaonekana. Askari, fungeni lango! Mafundi wa matofali wako wapi?"

Hatibu akakohoa kidogo. "Kanuni ya nne, Mheshimiwa." Akafungua kabrasha na kusoma kwa sauti yake ya chini: "Lango halitafungwa mpaka zawadi yote iwe imetoka bakulini." Akaliinamisha bakuli ili wote waone. "Bado kete ishirini na tatu. Hutoka moja moja, kwa zamu."

Waziri akachukua kabrasha, akasoma mwenyewe huku midomo ikicheza.

"Nani aliiandika hii?"

"Ni wewe, Mheshimiwa. Wakati wa vitumbua."

Waziri akaisoma tena. "Imeandikwa vizuri sana," alisema hatimaye.

"Kimya huko!" Mtukufu aliwaka. "Watu tunafikiri." Kisha akamgeukia Bi Sikudhani kwa heshima. "Mama, niachie mpaka kesho. Tangu niapishwe sijapata jambo la kufikiria likakaa kichwani namna hii. Na ukishanifunga, tunaanza lingine."

"Kesho haina neno," alisema Bi Sikudhani. "Lakini nimezishika zote kichwani, Mzee. Usije ukazihamisha."

Mtukufu akacheka tena. Ubao ukafunikwa kwa kawa la chakula, na Jenerali mwenyewe akapewa kazi ya kulilinda. Alionekana kuridhika, kwani sasa alikuwa na maelekezo.

Kibibi alikuwa amesimama kando ya ukuta, mahali pake pa siku zote, ameshazungumza haraka haraka yote aliyokuwa nayo. Sasa alitazama lango, akamtazama kaka yake.

"Kaka, mbona hawafungi?"

"Mchezo haujaisha."

"Utaisha lini?"

"Sijui. Anafikiri polepole."

"Mungu ampe afya," alisema Kibibi. Akaushika mkono wa Hatibu kama anayehofia utarudishwa. "Basi twende nyumbani. Ni karibu, pale nyuma ya kinu. Wanangu wananiuliza kila siku kama mjomba ana miguu, maana nimekuwa nikiwasimulia habari za kichwa juu ya ukuta."

"Nimalizie fomu kwanza."

"Kaka!"

Hatibu alikuwa ameshaifungua juu ya goti lake, fomu ya zawadi iliyokamilika, nakala tatu. Aliandika tarehe, kwa mwandiko mzuri. Akaandika jina la mpokeaji. Akafika mahali palipouliza ni saa ngapi bakuli lilikuwa tupu, na hapo kalamu ikasimama.

"Hii tutaijaza kesho," alimwambia askari wa lango, akampa aishike. Askari akaipokea kwa mikono miwili, akasogea pembeni, na Hatibu akapita.